Majina ya matunda ya Kiewe: jina lina ushahidi kiasi gani?

Kiewe, kinachozungumzwa kusini-mashariki mwa Ghana na kusini mwa Togo, hupenda kuunganisha maneno. Tunda ni atikutsetse: ati ni mti, ku ni tunda au mbegu, tse ni kuzaa, na kikirudiwa (tsetse) kitenzi hugeuka nomino. Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba kila jina la tunda likipasuliwa litatoa maana.

Wana hoja. Nazi huitwa yevune: yevu ni Mzungu, ne ni kokwa ya chikichi. Historia inaafiki, kwani minazi ilifika pwani ya Afrika Magharibi kwa meli za Wareno kuanzia karne ya 16. Ila jina linamtaja mletaji tu. Wareno wenyewe waliitoa nazi hiyo upande wa Bahari ya Hindi, ambako watu walikuwa wakikuna nazi karne nyingi kabla yao.

Akɔɖu, yaani ndizi, ndiyo inayowaponza wengi. Ɖu ni kula, akɔ ni kifua, na kutoka hapo kutunga kisa ni kazi ya dakika moja. Lakini Waakan, majirani zao nchini Ghana, husema kwadu, na Waga, watu wa eneo la Accra, akwadu. Anayedai neno lilizaliwa ndani ya Kiewe ana deni la kueleza lilivyowafikia majirani wote hao. Halafu kuna maandishi: wengi wakikosa ɖ na ɔ kwenye simu huandika "akodu", na du yenye d ya kawaida ni mji. Toni nazo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, kwa kawaida haziandikwi. Uchambuzi unaoanzia kwenye tahajia hiyo umeharibika kabla ya kuanza.

Upande wa pili, wanaoona neno la mkopo kutoka lugha nyingine kila mahali, wana paya: parachichi, kutokana na Kiingereza cha Ghana kinacholiita "pear". (Waswahili tulichukua pera, neno la Wareno la pea, tukaliita tunda la mpera.) Hapo hakuna ubishi.

Nao hukwama kwenye nanasi. Tunda hilo lilitoka Amerika Kusini. Waakan huliita aborɔbɛ, chikichi la ng'ambo, na Wayoruba ọ̀pẹ̀ òyìnbó, mchikichi wa Mzungu. Waewe husema atɔtɔ, bila alama yoyote ya ugeni. Kwa hiyo yevu ikiwemo ni ushahidi. Isipokuwemo, haithibitishi kwamba tunda ni la nyumbani.