Zoezi la saa nne asubuhi halikutufundisha upepo wa usiku

Kiwanda nilichoanzia kazi, kando ya Ziwa Victoria, kiligandisha minofu ya sangara kwa mtambo wa amonia, gesi kali inayotumika kupozea. Mahali pa kukusanyika wakati wa hatari palipakwa rangi ya kijani upande wa ziwani, karibu na gati. Zoezi la dharura lilifanyika saa nne asubuhi, baada ya chai, na tangazo lilibandikwa ukutani siku mbili kabla. King'ora kikilia tulitoka polepole, wengine wakiongea na simu, tukahesabiwa, tukasaini karatasi, tukarudi kazini.

Usiku mmoja, kama saa nane hivi, sili ya kompresa, ile mashine inayoshindilia gesi, iliachia. Nilifanya nilichofundishwa: nilikimbilia kwenye ile rangi ya kijani. Gesi ikanifuata. Anayeishi kando ya ziwa anajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Pale palipokuwa salama saa nne asubuhi ndipo hasa gesi ilipokuwa inasukumwa. Macho yalijaa maji, koo likabana, sikuona hata gati. Fundi mkuu wa zamu, mzee tuliyemwita Babu, alinishika mkono akanivuta kwa ubavuni, tukaukata upepo hadi nyuma ya ghala la chumvi. Nilipoweza kupumua aliniambia, "Mwanangu, kabla ya kukimbia, angalia kitambaa." Alikuwa na maana ya kile kitambaa kilichofungwa juu ya mlingoti kuonyesha upepo unakoelekea. Miaka miwili nilipita chini yake kila siku bila kukitazama.

Kwa hiyo ninapotetea mafunzo ya dharura kwa miwani ya uhalisia pepe, ile wengi wanayoiita VR, inayokuonyesha mahali pa kuigiza kana kwamba umo ndani yake, situmwi na mapenzi ya vifaa vipya. Zoezi letu la kawaida humfundisha fundi njia moja, saa moja, hali moja ya hewa. Ndani ya ile miwani mkufunzi anaweza kugeuza upepo, kuzima taa, kuziba mlango wa pili, kumlaza mwenzako sakafuni karibu na vali. Leo hivi, kesho vile. Fundi anazoea kutazama kwanza ndipo aamue, na mguu haukimbilii tena ulikozoea.

Amonia yenyewe inadai mafunzo ya namna hiyo, kwa sababu inadanganya. Gesi yake ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo unategemea ipande juu. Lakini ikivuja ikiwa kimiminika, na inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, hutoa ukungu mweupe wa baridi unaotambaa sakafuni. Inatafuta penye unyevu: macho, koo, kwapa lenye jasho. Ikifikia sehemu 300 tu katika milioni ya hewa, tayari ni hatari kwa uhai. Halafu kuna maji. Ukinyunyizia ule ukungu hewani, maji yananyonya gesi. Ukiyamwagia dimbwi la amonia yenyewe, inachemka kwa nguvu na gesi inaongezeka. Sasa mpe mpira wa maji fundi aliyejawa na hofu, uone ataelekeza wapi. Kosa hilo huwezi kumruhusu alifanye kwenye zoezi la kweli, na ndilo anahitaji kulifanya mara moja akiwa salama ili asilirudie.

Tusidhani nchi tajiri zimevuka. Oktoba 2017, huko Fernie, Kanada, amonia iliyotumika kugandisha uwanja wa kuteleza kwenye barafu ilivuja na kuua wafanyakazi watatu. Kipozeo, sehemu ya mtambo inayopoza, kilichojulikana kuwa kinavuja kilikuwa kimerudishwa kazini. Miwani haiwezi kuziba bomba bovu, na bosi anayeinunua huku akiahirisha matengenezo anawachezea watu wake.

Marubani wamejifunzia kwenye mashine za kuigiza ndege tangu Mmarekani Edwin Link alipotengeneza yake mwaka 1929, na wanaanga waliokwenda kuikarabati Hubble, darubini iliyoko angani, mwaka 1993 walitumia uhalisia pepe katika maandalizi yao. Fundi wa majokofu naye ana roho moja tu.

Mwaka jana nilivaa miwani hiyo kwenye mafunzo fulani Dar es Salaam. Nilikufa mara mbili kabla ya kutoka mzima, na viganja vilikuwa vimelowa jasho la kweli. Lakini nilikuwa kwenye jukwaa la mafuta katikati ya bahari, sauti inaniamuru kwa Kiingereza, vali za aina ambayo sijawahi kuishika. Mwenzangu aliyekaa karibu, fundi hodari kuliko mimi, alishindwa kwa sababu hakuelewa alichoambiwa. Tunao vijana wanaotengeneza programu na michezo ya kompyuta. Waleteni kiwandani, wapige picha chumba chetu cha kompresa, waweke sauti ya msimamizi wetu akipiga kelele kwa Kiswahili. Gharama kubwa iko hapo, si kwenye miwani, na hapo ndipo pesa inapostahili kwenda.

Harufu haimo kwenye miwani, wala uzito wa mtungi wa hewa mgongoni. Hayo yafanyike kwa mikono, uwanjani, jasho likitoka. Na wa kwanza kuivaa wasiwe wakubwa wa ofisini wanaopigwa picha na wageni. Waanze watu wa zamu ya usiku, pamoja na vibarua wa kupakia makasha, ambao mara nyingi hata kwenye karatasi ya mahudhurio hawamo.

Ninapofanya kazi sasa nimeomba kitambaa cha upepo kiwekewe taa. Kama tutatengenezewa zoezi letu, nitaomba ndani yake taa hiyo iwe imeungua.