Dawa ya lukemia iliyoondolewa kisha ikarudishwa

Mei 2000, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha gemtuzumab ozogamicin kwa watu wa miaka sitini na zaidi ambao lukemia yao kali ya mayeloidi, aina ya saratani ya damu, ilikuwa imerudi na ambao hawangeweza kuhimili kemotherapi nzito. Juni 2010, Pfizer, kampuni iliyokuwa ikiimiliki, ikatangaza kuiondoa sokoni Marekani. Septemba 2017 ikaidhinishwa tena. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni dozi, namna ya kuigawa, na wagonjwa wanaopewa.

Ugomvi kuhusu majaribio ya dawa mpya za lukemia una pande mbili zinazojulikana. Wa kwanza unasema mgonjwa wa lukemia kali hana miaka ya kungoja, kwa kuwa asipotibiwa anaweza kufa ndani ya wiki au miezi michache, basi dawa yenye dalili nzuri apewe sasa. Wa pili unasema dalili nzuri si ushahidi, na dawa ya saratani ni sumu hadi ithibitishwe kuwa ni tiba. Dawa hii imeupa kila upande ushindi na aibu, ndiyo maana naanza nayo.

Wazo lake lilikuwa zuri mno. Chembe nyingi za lukemia hiyo zina alama iitwayo CD33 juu ya ngozi yake. Kingamwili iliyomo ndani ya dawa huinasa alama hiyo ikiwa imebeba sumu mgongoni, chembe humeza vyote viwili, na sumu hufunguka ndani. Kibali cha 2000 kilitegemea wagonjwa 142, bila kundi la kulinganisha. Karibu watatu kati ya kumi waliona chembe za saratani zikitoweka ubohoni. Kwa mtu ambaye daktari wake hana kingine cha kumpa, tatu kwa kumi si haba. Sharti likawa kwamba jaribio kubwa lije baadaye kuthibitisha.

Jaribio hilo, S0106, liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: wengine kemotherapi ya kawaida peke yake, wengine kemotherapi pamoja na dawa mpya. Faida haikuonekana. Waliokufa wakati wa matibabu ya mwanzo walikuwa asilimia 5.7 kwenye kundi la dawa mpya, na asilimia 1.4 kwenye kundi jingine. Watetezi wa subira wanaishia hapo: kwa miaka kumi watu walichomwa sindano ambayo hakuna aliyejua kama inawasaidia.

Hoja hiyo ina uzito, lakini hadithi haikuishia hapo. Waliopewa dawa mpya walikuwa wamepunguziwa daunorubicin, moja ya nguzo za kemotherapi hiyo, kutoka miligramu 60 hadi 45 kwa mita ya mraba ya mwili. Na vifo vya asilimia 1.4 kwenye kundi la kulinganisha vilikuwa vichache kuliko ilivyozoeleka. Wakati huo huo watafiti wa Ufaransa walikuwa wameigawa dawa hiyo katika dozi ndogo tatu, siku ya kwanza, ya nne na ya saba. Kati ya wagonjwa 280 wa miaka 50 hadi 70, nusu ya waliopewa walikaa miezi 17.3 au zaidi bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa. Wasiopewa, miezi 9.5. Baadaye majaribio matano yenye wagonjwa zaidi ya 3,300 yalipounganishwa, ilionekana kwamba dawa huongeza uhai, hasa kwa wale ambao kromosomu za saratani yao ni za aina isiyo kaidi.

Kwa hiyo kuna watu, kati ya 2010 na 2017, waliokufa bila dawa ambayo ingewafaa. Hapa ndipo ninapoona mizani ya mjadala huu imepinda. Mgonjwa aliyedhuriwa na dawa ana faili, ana tarehe, na kamati huketi kumjadili. Mgonjwa aliyekufa kwa kuikosa huandikwa kwamba ameuawa na lukemia, na hakuna kikao. Anayetetea subira hana budi kuwahesabu na hao.

Lakini naye anayetetea haraka hupenda mno mfano mmoja, imatinib. Mwaka 1998 ilianza kujaribiwa kwa watu wenye lukemia sugu ya mayeloidi, na kati ya 54 waliopata dozi ya kutosha, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Mei 2001 ikaidhinishwa. Nani angehitaji kurusha shilingi ili kuwagawa wagonjwa mbele ya matokeo hayo? Hata hivyo ilirushwa. Jaribio la IRIS lilichukua wagonjwa 1,106, nusu yao wakapewa interferon na cytarabine, tiba ya siku zile. Ila kulikuwa na mlango: aliyeshindwa na tiba ya zamani aliruhusiwa kuhamia imatinib, na wengi walihama. Kuhama huko kulifanya iwe vigumu kupima tofauti ya uhai baina ya makundi mawili. Wanatakwimu walipoteza kitu, wagonjwa wakapata, na nadhani hesabu ilikuwa sahihi.

Shida ni kwamba imatinib ni ndege adimu. Lukemia ile inaendeshwa na hitilafu moja, na dawa inagonga pale pale. Lukemia kali za watu wazima nyingi zina hitilafu kadhaa kwa pamoja, na dawa nyingi huleta nafuu ya miezi tu. Hapo macho hayatoshi. Magrolimab, dawa nyingine ya lukemia kali, ilitangazwa kwa shangwe kutokana na majaribio madogo yasiyo na kundi la kulinganisha. Ilipowekwa kwenye jaribio la awamu ya tatu, yaani jaribio kubwa la kulinganisha, pamoja na dawa mbili zilizozoeleka, utafiti ulisimamishwa mwaka 2024 kwa sababu haikusaidia, na waliopewa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Bila kundi la pili nani angegundua? Katika ugonjwa unaoua wengi, kifo kilicholetwa na dawa hujificha ndani ya vifo vya ugonjwa.

Kundi hilo la pili ndilo linalowatisha wagonjwa. Wengi hudhani aliyeangukia huko anapewa maji ya chumvi na kuachwa. Katika lukemia kali si hivyo. Jaribio la dawa ya venetoclax lililotolewa matokeo yake mwaka 2020 lilikuwa na vidonge tupu visivyo na dawa, kweli, lakini kila mgonjwa alipata azacitidine, tiba ambayo angepewa hata nje ya jaribio. Wala dhana kwamba walio upande wa dawa mpya ndio wenye bahati haina msingi kabla ya majibu kutoka, kama walivyoonyesha wagonjwa wa magrolimab. Na jibu likija mapema, jaribio husimama: mwaka 2024 kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu za dawa ya blinatumomab kwa watoto wenye lukemia kali ya limfoblasti ilishauri watoto waache kugawanywa kabla ya wakati, kwa kuwa asilimia 96.0 ya waliopewa walikuwa hai bila ugonjwa katika mwaka wa tatu, dhidi ya 87.9 ya wasiopewa.

Lawama yangu kubwa iko kwingine, kwenye awamu ya kwanza na karatasi ya ridhaa. Awamu ya kwanza hutafuta dozi ambayo mwili unaweza kuistahimili. Uponyaji ukitokea ni heri, lakini silo swali linaloulizwa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa maadili wameandika juu ya wagonjwa wanaodhani kila kitu ndani ya utafiti kimepangwa kwa faida yao binafsi. Lugha yetu inaongeza utata: tunasema majaribio ya tiba, na sikio la mgonjwa hushika neno la mwisho. Mfa maji haachi kutapatapa, na simlaumu. Namlaumu anayempa kurasa nyingi za maneno ya kisheria kisha akaita sahihi yake ridhaa. Mwaka 2016, katika jaribio moja la kutumia chembe T, yaani chembe za kinga ya mwili, zilizobadilishwa maabara, wagonjwa watano walikufa kwa uvimbe wa ubongo. Baada ya vifo vya awali jaribio lilisimamishwa kwa siku chache tu, dawa nyingine ikalaumiwa, likaendelea, na wengine wakafa vivyo hivyo. Mwaka uliofuata chembe T za kampuni nyingine ziliidhinishwa kwa watoto na vijana ambao kila kitu kilikuwa kimeshindikana, na wengi wao ugonjwa ukatoweka. Teknolojia moja, hatima mbili. Anayeweka sahihi anastahili kuelezwa zote mbili kwa maneno ya kawaida, kabla ya kushika kalamu.

Kuhusu kasi yenyewe, niko upande wa kibali cha mapema, kwa sharti moja: jaribio la kuthibitisha liwe tayari linapokea wagonjwa siku kibali kinapotolewa. Baada ya kibali ni vigumu kumshawishi mtu arushiwe shilingi kwa dawa iliyopo dukani, na kampuni nayo haina haraka tena. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwishoni mwa 2022 inairuhusu FDA kudai hivyo. Mwaka 2000 haikuwa hivyo, na S0106 ilikuja kuanza kupokea wagonjwa mwaka 2004, wakati gemtuzumab ilikuwa imeuzwa kwa miaka minne.