Bili ya video anailipa msanii

Siku hizi msanii akiachia wimbo mtupu, mashabiki wanauliza: video lini? Tabia hii si ya jana. Agosti 1, 1981, MTV, kituo cha televisheni cha muziki, ilipoanza kurusha matangazo Marekani, ilifungua kwa wimbo wa kundi la Buggles unaosema video imemuua nyota wa redio. Redio haikufa. Ila tangu hapo, kuimba vizuri tu kukaanza kuonekana hakutoshi.

Wanaoitetea video wana hoja nzito. Thriller ya Michael Jackson, video ya karibu dakika 14 iliyoongozwa na John Landis, mtu wa filamu, ilitoka mwishoni mwa 1983 ikaipandisha upya albamu iliyokuwa sokoni tangu mwaka uliotangulia. Kisha YouTube ikavunja mageti ya televisheni. Mwaka 2012 PSY wa Korea Kusini, akiimba kwa Kikorea, alikuwa wa kwanza video yake moja kutazamwa humo mara bilioni 1. Sidhani kama redio peke yake ingemfikisha huko. Februari 2013 Billboard, jarida la muziki la Marekani, nalo likaanza kuhesabu utazamaji wa YouTube kwenye Hot 100, chati yake ya nyimbo zinazotamba.

Upande wa pili una Milli Vanilli, kundi la vijana wawili. Rob Pilatus na Fab Morvan walikuwa na sura, nywele na mitindo ya kucheza. Walioimba kwenye albamu ni watu wengine kabisa. Mapema 1990 wakapewa Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani, ya wasanii wapya bora, na kabla mwaka haujaisha wakanyang'anywa. Vijana wale walibeba aibu karibu yote. Mimi lawama kubwa naipeleka kwa waliotengeneza mpango ule: walijua sokoni sura inatangulia sauti, na hawakuwa wamekosea hesabu.

Linalonikera zaidi ni pesa, na halisemwi sana. Eneo la kupigia picha, kamera, mavazi, wacheza shoo, mhariri, gari la kifahari la kukodi litakaloonekana kwa sekunde chache: kampuni ya muziki inatanguliza fedha, halafu kwa mikataba mingi inazikata zote au sehemu yake kwenye mapato ya msanii. Video ni tangazo, lakini anayetangazwa ndiye anayekatwa. Ndiyo maana mtu anaweza kutamba kila skrini na bado akadaiwa.

Wapo waliokwepa mtego huo. Mwaka 2006 kundi la OK Go walipanga mashine nane za kukimbilia, wakacheza juu yake mbele ya kamera moja bila kukata picha, na mwaka uliofuata wakachukua Grammy ya video. Safi kabisa. Lakini mwimbaji wa nyimbo za taratibu, ambaye kipaji chake ni kusimama na kuimba, ujanja huo haumfai. Yeye bado yuko mikononi mwa mwenye bajeti.