VR isiyo na benchi ni mbwembwe tu

Ukitaka kujua kama gemu ina maisha, angalia kama aliyefungwa jana amerudi leo na hela mkononi. Kwa kipimo hicho, miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuingiza kwenye dunia ya picha, ninayoiona ikichezeshwa kwenye maonesho na sikukuu hapa Mwanza bado haijafika popote. Mtu anavishwa, anapandishwa treni ya kwenye picha inayoporomoka kutoka juu, anapiga kelele dakika chache, anavua, anacheka, anaenda zake. Hakuna alichofanya, kwa hiyo hakuna cha kurudia.

Nasema haya kwa sababu naitakia mema teknolojia hii. Na siamini kwamba inakwamishwa na uchanga au fedha. Nintendo iliuza Virtual Boy, mashine yake ya gemu ya kuchungulia, mwaka 1995 na kuiondoa sokoni ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2014 Facebook ilikubali kuinunua Oculus, kampuni ya miwani ya VR, kwa takribani dola bilioni 2. Hela imemwagwa.

Hata kichefuchefu kinachowapata baadhi ya wanaovaa miwani hii kina dawa. Macho yanaambiwa unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa, tumbo linavurugika. Anayesafiri kwenda Ukerewe ziwa likiwa limechafuka analijua jambo hilo kwa upande wa pili: ukijifungia ndani ya meli, macho yanaona ukuta umetulia huku mwili unayumba. Ndiyo maana gemu ya VR ya Beat Saber ya mwaka 2018 inakuacha umesimama palepale. Maboksi yanakujia kwa mdundo wa muziki, unayakata kwa mikono yote miwili, jasho linakutoka, na ukikosa unajua kabisa mkono wako ulichelewa. Katika Half-Life: Alyx ya mwaka 2020, risasi zikiisha unapeleka mkono nyuma ya bega, unachomoa magazini, unaipachika, unakoki, na adui yuko njiani. Mikono ndiyo gemu yenyewe. Basi mbwembwe zinaachika, ila kwa mtu aliye peke yake chumbani.

Sisi hatuchezi hivyo. Pita kibanda chochote cha gemu Mabatini au Igogo jioni. Padi mbili, benchi moja, vijana kibao. Wawili wanacheza mpira, waliobaki wote ni makocha. "Toa pasi! Unang'ang'ania nini?" Yupo anayelinda zamu yake kwa ukali. Yupo na yule mdogo asiye na hela, amebanwa pembeni, anatazama tu, na siku akibahatika kushika padi anawatoa kaka zake mmoja baada ya mwingine. Benchi ndilo lililomfundisha. Mvishe mmoja wao miwani, wengine wote umewafungia nje. Picha inaweza kurushwa kwenye TV, ndiyo, lakini itatikisika kila anapogeuza shingo, na benchi halina la kumwambia kwa sababu halijui lolote asilolijua yeye.

Kuna gemu moja ya Kanada ya mwaka 2015, Keep Talking and Nobody Explodes, ambayo nadhani imeshika ufunguo. Aliyevaa miwani analiona bomu peke yake. Wenzake hawalioni, wana mwongozo tu. Yeye anataja rangi za nyaya, wao wanapekua kurasa, wanabishana, wanamwambia akate upi, na muda unayoyoma. Benchi limekuwa nusu ya gemu, tena kwa karatasi zinazochapwa steshenari yoyote!

Naitaka ya kwetu, kwa Kiswahili. Mmoja amevaa miwani, yuko kwenye mtumbwi wa dagaa usiku usio na mwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawazifuati taa vizuri. Upepo umegeuka, anaona mawe yakichomoza majini, hajui yuko wapi. Benchi lina ramani ya mawe na maelezo ya pepo. Aeleze anachokiona, wamrudishe salama Mwaloni, kwenye soko la samaki. Hapo hata mzee aliyestaafu uvuvi, ambaye hajawahi kushika padi, atasogezewa kiti mbele, na vijana watanyamaza wamsikilize.

Kibiashara inawezekana pia. Miwani ya Quest 2 ilipotoka mwaka 2020 ilianzia dola 299 kule Marekani, zaidi ya shilingi 600,000 kwa wakati ule, bila kodi na usafiri. Haihitaji kompyuta, na ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika raundi haifi katikati. Miwani ya mtu mmoja mmoja haitamlipa mwenye kibanda. Inayochezesha benchi zima inaweza kumlipa.

Vijana wanaoandika programu hapa Mwanza wasisubiri miwani. Waanze na karatasi: waandike mwongozo, wachore ramani, wamweke mmoja nyuma ya pazia na picha ya ziwa, benchi libaki upande wa pili. Watu wakianza kugombana na kudai raundi nyingine, hapo ndipo watafute hela ya kununua miwani.