Mwanagenzi wa gitaa aanzie kwenye mbao za kawaida

Mwanagenzi anayejifunza kuunda gitaa kwa mkono huanza kwa kuulizia mbao: mgongo niutengeneze kwa mpingo, rozwudi au mahogani? Fundi wake naye mara nyingi humjibu kwa kumfungulia stoo. Mimi ningemzuia mlangoni. Gitaa hulia kwa uso wake, ule ubao mwembamba wenye tundu la sauti, na hapo ndipo jasho la mwanagenzi linapotakiwa.

Hili si wazo jipya. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania ambaye magitaa ya klasiki yanafuata umbo lake hadi leo, aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu (mbao za ubavuni) za karatasi ngumu, uso tu ukawa wa mbao. Alitaka watu wasikie sauti inatoka wapi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio lililohusisha magitaa sita ya nyuzi za chuma, yaliyotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu, kuanzia mahogani hadi rozwudi ya Brazili. Wapigaji 52 waliyapiga kwenye mwanga hafifu huku wamevaa miwani ya kuchomelea ili wasione wameshika lipi. Alama walizoyapa zilikaribiana mno.

Sisemi kwamba mgongo hauna kazi. Una uzito wake, una mchango wake katika mlio, na mpingo uliopigwa msasa vizuri unapendeza kuliko mbao nyingi ninazozijua. Tatizo langu ni woga. Mpe anayeanza mbao ghali na mkono wake utakuwa mzito. Ataogopa kupunguza, atauacha uso mnene, na gitaa lake litadumu miaka mingi bila kulia inavyostahili.

Tufikirie uso unadaiwa nini. Nyuzi sita za chuma zikishakazwa huvuta kwa nguvu inayofika kilo 70 hivi, na kinachostahimili mvuto huo ni ubao wa sprusi au mwerezi wenye unene usiozidi milimita 3 au karibu na hapo. Ukiuacha mnene hautikisiki. Ukiupunguza kupita kiasi, siku za mwanzo utalia kwa raha, kisha utavimba nyuma ya daraja, kile kipande usoni kinachoshikilia nyuzi, nyuzi zitapanda juu ya shingo, na mpigaji ataumia vidole. Ndani yake hugundishwa vipande vyembamba vya kuutia nguvu, mithili ya mataruma ya jahazi. Torres alizoea kuvitandaza saba kama feni. Katika karakana ya Martin, kampuni ya magitaa kule Marekani, katikati ya karne ya 19, vilianza kupishana kwa umbo la X, na mpangilio huo ndio uliokuja kuzibeba nyuzi za chuma.

Sasa, unene gani unatosha? Mwanagenzi akipewa namba ataing'ang'ania. Lakini mbao mbili zilizorandwa hadi milimita 2.8 zinaweza kutofautiana kabisa kwa ugumu, hata zikitoka mti mmoja. Inabidi aukunje ubao taratibu kwa mikono miwili, kwa urefu kisha kwa upana, aushike pembeni kwa vidole viwili, augonge, asikilize mlio unaendelea au unakufa papo hapo. Arande kidogo, agonge tena. Apime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, na kwa mizani pia, aandike daftarini, ili namba zimfundishe baadaye kile ambacho sikio lilikwisha kukisikia.

Kwenye shingo mambo ni kinyume, huko namba ndiyo inayotawala. Kwa nyuzi za urefu wa milimita 650, unagawa urefu huo kwa 17.817 na freti ya kwanza, kile kijiti cha chuma kinachovuka shingo, inakaa milimita 36.5 kutoka kichwani. Hakuna cha kubembeleza hapo.

Nawalaumu wazi mafundi wanaomsugulisha mwanagenzi msasa miezi na miezi huku kazi ya uso wakijifungia wenyewe. Wampe mbao za sprusi zenye kasoro, apunguze hadi zipasuke mkononi. Akishajua mpaka uko wapi, ataukaribia bila kutetemeka. Na mbavu za gitaa lake la kwanza zikunjwe kwenye pasi ya moto kwa mbao yoyote iliyokauka vizuri, hewa ya karakana ikitunzwa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50.

Zaidi ya hayo, rozwudi ya Brazili imezuiliwa kwenye biashara ya kimataifa tangu 1992 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na jenasi nzima ya Dalbergia, yaani kundi la miti ambamo rozwudi hiyo imo, mpingo ukiwemo, inadhibitiwa tangu 2017. Magitaa yaliyokamilika ya jamii nyingine za Dalbergia yalilegezewa masharti mwaka 2019, ila mbao zenyewe bado zina utaratibu wake. Miti hiyo hukua polepole mno. Mbao yake ingoje mkono ambao tayari unajua kuunda uso unaolia.