Upasuaji wa Tezi Dume Umekwisha, Sasa Nani Atautunza Mpira?

Mwanamume akifanyiwa upasuaji wa tezi dume hapa kwetu, ukoo mzima hushughulika na siku moja tu, siku ya kuingia chumba cha upasuaji. Michango hukusanywa, mbuzi huuzwa, dua husomwa, watu wa kutoa damu hutafutwa. Daktari akitoka na kusema mambo yamekwenda vizuri, watu humshukuru Mungu na kutawanyika. Mzee hubaki na mpira unaotoka kwenye uume wake mpaka kwenye mfuko wa mkojo, na katika wote waliokuja hakuna aliyeambiwa mpira ule unatakaje kutunzwa. Hilo ni kosa, na ni kosa la hospitali kabla ya kuwa la familia. Mgonjwa wa tezi dume asiruhusiwe kutoka wodini mpaka muuguzaji wake, yaani ndugu anayemuuguza, awe ameumwaga mfuko ule kwa mikono yake mwenyewe, nesi akimtazama.

Haya nimeyapitia. Nilipasuliwa Kampala, nikarudi Arua kwa basi nikiwa bado na mpira, karibu kilomita 500, kupitia Karuma na Pakwach. Hospitali siitaji, kwa sababu niliyoyaona pale nimesikia yakisimuliwa na wazee waliotibiwa kwingine kabisa. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa ya Kiingereza cha madaktari, vifupisho vitupu. Mke wangu anasoma Kiswahili na Kilugbara vizuri sana, lakini karatasi ile haikumpa hata sentensi moja ya kumsaidia. Na yeye ndiye aliyekuwa muuguzaji. Yeye ndiye aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, akanipikia, akanifulia. Hospitali zetu zinaendeshwa kwa mikono ya watu kama yeye, lakini ikifika saa ya maelezo, daktari humwambia mgonjwa ambaye bado ana usingizi wa dawa.

Kwanza mtu aelewe mpira unafanya nini. Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo pale chini ya kibofu. Ikivimba huubana, na ndiyo maana wengi wetu hufika hospitali tumbo limejaa na mkojo hautoki. Daktari akiondoa nyama iliyobana, awe amepitia ndani ya njia ya mkojo au amepasua chini ya kitovu, huacha kidonda kibichi ndani. Mpira hupitisha mkojo na damu wakati kidonda kinapona. Ncha yake ina puto dogo lililojazwa maji, kwa kawaida mililita 10 na pengine hadi 30, na puto hilo ndilo linaloushikilia usitoke kibofuni. Kwa hiyo mpira hauvutwi. Kuna tawi dogo la pembeni ambalo nesi hulitumia kunyonya maji ya puto kwa bomba la sindano kabla ya kuutoa. Mzee akichanganyikiwa usiku na kuuvuta, puto likiwa bado limejaa, huichana njia yake ya mkojo, na kovu la hapo linaweza kuja kuibana njia hiyo baadaye.

Sasa niseme kuhusu aibu, kwa sababu nimeona inavyoumiza watu. Mgeni akibisha hodi kuja kumwona mgonjwa, mzee huuokota mfuko sakafuni na kuulaza kitandani ubavuni mwake, chini ya blanketi, usionekane. Anaona amejisitiri. Kumbe mfuko ukiwa sawa na kibofu au juu yake, mkojo hurudi ulikotoka, nao hurudi na vijidudu. Mfuko unatakiwa kukaa chini ya kibofu saa zote, umetundikwa upande wa kitanda au kwenye kigoda, bila mdomo wake kugusa sakafu. Umwagwe ukifika kama theluthi mbili, usingoje kufurika. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla na baada, na pale mpira unapoingia mwilini panaoshwa kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida. Mfuko usichomolewe kwenye mpira ovyo, maana kila pakifunguliwa vijidudu hupata mlango. Kuna mifuko midogo ya kufungwa pajani ambayo haionekani chini ya kanzu au suruali pana, na mwenye uwezo aitafute. Asiyenayo afunike mfuko kwa kitenge pale pale ulipotundikwa. Mgeni atajua ni mfuko wa mkojo, na iwe hivyo. Mzee aliyelea watoto na wajukuu hapungukiwi kitu kwa sababu mkojo wake umepita kwenye mpira kwa muda.

Jambo lililonitisha kuliko yote ni kibofu kujikaza. Kibofu hakipendi kukaa na kitu ndani yake, kwa hiyo hujibana ghafla, maumivu makali chini ya kitovu, unahisi lazima ukojoe sasa hivi, na mkojo unachuruzika pembeni ya mpira mpaka kwenye shuka. Wengi hudhani mpira umepasuka au daktari amekosea. Mara nyingi ni kule kujikaza tu, na zipo dawa za kukituliza. Choo kigumu huzidisha kujikaza huko, kwa hiyo mgonjwa ale mboga, papai, matunda, na anywe maji, kwa kawaida lita 2 kwa siku kama moyo na figo zake zinaruhusu, mpaka mkojo uwe mweupe kama maji. Damu nayo ina tabia yake. Mkojo wa rangi ya waridi siku za mwanzo ni wa kawaida. Kisha kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, mtu akishaamini amepona, damu inaweza kurudi kwa sababu gaga la kidonda limebanduka. Ikiwa kidogo, maji na mapumziko huimaliza. Kubeba jerikani, kulima na kupanda boda kwenye barabara ya mashimo viachwe kwa wiki kama 6.

Lakini yapo ambayo hayangojewi asubuhi. Mpira usipotoa kitu na tumbo la chini likaanza kuuma na kujaa, tazama kama umejikunja au mgonjwa ameulalia. Kama sivyo, umeziba, mara nyingi kwa bonge la damu, na mgonjwa apelekwe usiku huo huo. Vivyo hivyo kwa homa na kutetemeka, mkojo uliogeuka mwekundu mzito wenye mabonge, au korodani iliyovimba na kuuma. Kibofu kilichojaa bila pa kutokea ni mateso, na figo nazo huumia. Familia isiyojua haya humpa mzee panadoli na kumwambia avumilie.

Halafu kuna duka la dawa. Mkojo ukionekana na ukungu kidogo, jirani atasema ni maambukizi na ataagiza vidonge vya rangi mbili. Ukweli ni kwamba mpira ukikaa mwilini, vijidudu huingia kibofuni siku hadi siku, na baada ya mwezi karibu kila mtu anavyo. Bila homa, maumivu mapya au kuchanganyikiwa, havitibiwi, maana ukivitibu unavifundisha kushinda dawa, na siku ya homa ya kweli utakosa cha kumpa mgonjwa. Kwa wale wanaokaa na mpira muda mrefu, na wako wengi vijijini wanaongoja zamu ya upasuaji, tarehe ndiyo muhimu. Wa lateksi kwa kawaida hubadilishwa wiki ya 4, wa silikoni mtupu unaweza kufika wiki 12. Ukisahaulika huota chumvi na mawe kwenye ncha. Muulize nesi ni wa aina gani, uandike tarehe ukutani.

Kwetu Waislamu kuna swali ambalo hospitali hawalijibu: nitaswalije? Nimeona wazee wameacha swala kwa kudhani wana najisi. Masheikh wamelieleza tangu zamani: asiyeweza kuzuia mkojo hujisafisha kadiri awezavyo, hutawadha wakati wa swala ukishaingia, na huswali hivyo hivyo hata kikitoka kitu. Na Ramadhani ikimkuta mgonjwa anayehitaji maji, ana ruhusa ya Qurani kufungua na kulipa baadaye.

Siku ya kutoa mpira watu hushangilia, na hapo ndipo huzuni nyingine huanza kimya kimya. Mkojo unachoma, unakuja kila mara, unakimbilia choo na hufiki. Ukikohoa unatoka, ukinyanyuka kwenye kiti unatoka. Kwa upasuaji wa uvimbe wa kawaida, mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Kwa aliyeondolewa tezi yote kwa sababu ya saratani, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Uganda, inaweza kuchukua miezi hadi mwaka, na wachache hubaki nayo. Wengi huacha kunywa maji ili wasilowe. Hilo linazidisha, kwa sababu mkojo mzito huwasha kibofu. Punguza chai na kahawa, maji usiyaache. Na yapo mazoezi: mpira ukishatoka, kaza misuli ile ya kuzuia upepo, shikilia hadi sekunde 10, legeza, rudia mara 10, kwa mizunguko 3 kila siku. Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliyaandika mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliojifungua, na baadhi ya wanaume huyakataa kwa sababu hiyo. Misuli haijui hilo. Nguo za kuzuia kulowa, pampasi za watu wazima au vitambaa vya kubadilisha, zisimfungie mtu ndani. Aende msikitini, kanisani, sokoni.

La chumbani nalo lisemwe. Baada ya upasuaji wa uvimbe wa kawaida wanaume wengi hufika kileleni bila kutoa manii, kwa sababu yameingia kibofuni na yatatoka na mkojo. Hayana madhara, ila anayetaka mtoto ajue mapema. Upasuaji wa saratani ndio unaogusa zaidi nguvu za kiume, na hata hapo kuna tiba. Mke aambiwe akiwa amekaa na mumewe mbele ya daktari. Nikisikia mzee ameukataa upasuaji kwa kuogopa uvumi wa kijiweni, najua hakuna aliyekaa naye kumweleza.

Serikali iliondoa malipo kwenye hospitali zake mwaka 2001, lakini mgonjwa bado hutumwa dukani kununua mpira na mfuko, na madaktari bingwa wa njia ya mkojo wengi wako Kampala. Hayo hayatatengenezwa kesho. Karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na kwa Kilugbara, Kiluganda, Kiacholi, inaweza kuchapishwa wiki hii. Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wafundishwe dalili za mpira ulioziba. Na wewe unayemtoa mzee wako wodini leo, usisaini kabla hujapewa mfuko wa akiba, aina ya mpira na tarehe ya kuutoa, na namba ya simu ya wodi. Namba hiyo ihifadhiwe kwenye simu ya muuguzaji pia, maana saa nane usiku mpira ukiziba, yeye ndiye atakayepiga.