Tunachokosa Kisumu ni Jarida, Si Wasomaji

Wakenya wa ughaibuni tukikutana na maongezi yakafika kwenye vitabu, hakosi mtu wa kusema kwamba nyumbani watu hawasomi, na ndiyo maana bunilizi za kisayansi na fantasia za Kiswahili zinahesabika kwa vidole. Sikubaliani naye hata kidogo. Ingia kibanda cha video Kondele, Kisumu, au Kaptembwo, Nakuru, kunapooneshwa filamu ya kigeni iliyosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro, kisha uwasikilize vijana wakitoka. Wanabishana kama silaha ya adui ingeweza kweli kupenya ule ukuta, na kama ingeweza, mbona haikutumiwa tangu mwanzo. Huo ni uhakiki, tena mzuri. Wasomaji tunao. Kilichoko huku Uingereza na kule Marekani, na ambacho kwetu kwa Kiswahili ni adimu, ni jarida la hadithi fupi linalomlipa mwandishi.

Wengi nyumbani hudhani mwandishi wa huku huanza na kitabu. La. Wengi huanza na hadithi ya maneno 3,000 au 4,000. Jarida hutangaza linataka nini, mwisho maneno mangapi, linalipa kiasi gani kwa neno na linanunua haki zipi. SFWA, chama cha waandishi wa bunilizi za kisayansi na fantasia kilichoundwa Marekani mwaka 1965, huyahesabu malipo kuwa ya kitaalamu kuanzia senti 8 za dola kwa neno. Hadithi ya maneno 3,000 basi ni dola 240, kama shilingi 31,000 za Kenya. Hakuna anayejenga nyumba kwa pesa hizo. Faida iko kwingine: jarida hununua haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, na muda uliotajwa kwenye mkataba ukiisha, hadithi humrudia mwenyewe akaiuza tena kwenye mkusanyiko. Akikataliwa, hupata jibu la mistari miwili, na kesho yake huituma kwingine. Baada ya kukataliwa mara nyingi anakuwa amejifunza kuandika.

Mtu wa Kisumu anaweza kuingia mlango huo leo, kwani majarida mengi ya maana hupokea hadithi kwa intaneti bila kutoza chochote. Likikuomba ada ili lichapishe hadithi yako, achana nalo. Mswada uwe wa Courier au Times New Roman ya saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo ya inchi moja kila upande, jina na anwani juu kushoto, idadi ya maneno juu kulia. Makosa yanayowaangusha wageni mara nyingi hayahusu sanaa kabisa. Mtu hutuma hadithi moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ilhali mwongozo umekataza. Mwingine huibandika kwanza Facebook ili marafiki waisome, na hapo huwa ameshaitumia bure ile haki ya kwanza ambayo jarida lingeilipia. Na ukiuza kitabu chako mwenyewe kupitia duka la mtandaoni la Marekani, jua kwamba kodi ya asilimia 30 hukatwa kwenye mrabaha wa mauzo ya huko, kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Mwandishi wa Uingereza akishajaza fomu hakatwi.

Lakini mlango huo ni wa Kiingereza. Anayeandika kwa Kiswahili aende wapi? Kwa mchapishaji swali la kwanza ni kama kitabu kitafaa shuleni, nami simlaumu, maana shule ndiyo mnunuzi wake mkubwa. Isitoshe, sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16, wakati Uingereza kitabu kilichochapishwa hakitozwi VAT. Matokeo yake mwandishi huanza kumwandikia mtahini. Huhakikisha mwovu ameadhibiwa, roketi imegeuka fumbo la ufisadi, na maudhui yote yanaweza kuorodheshwa kwenye mwongozo wa mtihani.

Fumbo tunaliweza sana. Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, mwaka 1951. Katama Mkangi akamrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo cha angani hadi nchi ya Walenisi, katika riwaya ya jina hilo, mwaka 1995. Ni kazi ninazozipenda na kuziheshimu. Hata hivyo, zimetuzoesha kuamini kwamba kila ulimwengu wa kubuni lazima uwe Kenya iliyofunikwa kitambaa. Msomaji ana haki ya kutaka kujua chombo kinapaaje na abiria wanapumua nini.

Mali ghafi tunayo ya kumwaga. Mchukueni Lwanda Magere jinsi Wajaluo wanavyomsimulia. Mkuki haumwingii, mwili wake ni jiwe. Kanuni imewekwa mwanzoni kabisa. Kisha anaugua. Mke wake, binti wa maadui, anatakiwa kumchanja apake dawa, kisu kinagoma, na mume anamwambia achanje kivuli. Damu inatoka. Siri inawafikia maadui, na vitani mkuki unalengwa kivulini. Tazameni ufundi huo: nguvu ina mpaka wake, na mpaka unafichuliwa na kazi ya kawaida ya kumwuguza mgonjwa, bila mzee yeyote kusimama kutoa hotuba. Hadithi nyingi za wanaoanza hufa ukurasa wa tatu, pale mwandishi anaposimamisha kila kitu aeleze historia ya ufalme wake. Kule Nakuru nako kuna Menengai, kreta yenye visa vya mizimu tangu zamani, na humo humo sasa mna visima vya mvuke vya kuzalishia umeme. Fantasia na sayansi ndani ya shimo moja, hakuna aliyelazimika kubuni.

Kwa hiyo ombi langu kwetu tulioondoka ni jarida dogo la Kiswahili, toleo moja kila miezi 3. Hadithi 4 za maneno 3,000, shilingi 3 kwa neno: 9,000 kwa kila mwandishi, 36,000 kwa toleo, 144,000 kwa mwaka. Watu 20 wa ughaibuni wakitoa 600 kila mwezi, malipo ya waandishi yamekamilika, na M-Pesa humfikia mwandishi wa Bondo au Njoro papo hapo.

Maneno hayo 12,000 huchukua kama kurasa 40 za A5. Ukiongeza jalada na neno la mhariri unafika 48, ambazo ni karatasi 12 za A4 zilizokunjwa katikati. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, la sivyo mtabaki na kurasa tupu. Kwa fotokopi ya shilingi 3 kila upande, nakala inagharimu 72. Tumieni stepla ya mkono mrefu ili pini ziingie kwenye mkunjo. Karatasi zikizidi sana, za ndani hutokeza nje na ukingo hulazimika kukatwa. Wa simu watumieni EPUB, faili ya kitabu ambayo maneno yake hujipanga kulingana na skrini, kwani PDF ya A4 kwenye skrini ndogo humlazimu msomaji kuvuta kila mstari kushoto na kulia, na wengi huacha.

Jarida litahitaji pia kikundi cha kusomeana, watu 6 hadi 8. Hadithi isambazwe wiki moja kabla, kila mmoja aseme dakika 3, na mwandishi anyamaze hadi zamu ziishe. Mbinu hiyo ya kupeana zamu mwandishi akiwa kimya ilienezwa na warsha za waandishi za Milford na Clarion. Kwetu ningebadilisha jambo moja: mdogo wa umri aanze. Mwalimu au mzee akitangulia, wote watamuunga mkono na mwandishi hatapata kitu. Asahihishaye tahajia arudishwe kwenye swali la maana: ulichoka wapi, na ni wapi hukuamini?

Na tafadhali, michango isianzie kwenye fulana, bango na ukumbi wa hoteli. Worldcon, kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi, lililofanyika Glasgow mwaka 2024, liliendeshwa na mashabiki wanaojitolea, na tuzo yake ya Hugo hupigiwa kura na wanachama wa kongamano hilo, ila hayo yote yalikuja baada ya majarida kuwakusanya wasomaji. Mkataba wetu uwe ukurasa mmoja: haki ya kwanza ya kuchapisha kwa Kiswahili, miezi 6, kisha hadithi inarudi kwa mwenyewe. Malipo yatumwe siku hadithi inapokubaliwa, si siku toleo linapotoka, kwa sababu toleo likichelewa, anayeumia asiwe mwandishi.